Utundu Uliofunikwa na Tumaini: Uhakiki wa Lugha Inayozieleza Kazi za Mikono za Dzaleka

Kazi za mikono zinazotoka katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, zimezoea kupokewa kwa sentensi ya aina moja. Sentensi hiyo humtaja mtengenezaji kwa hali yake kabla ya kumtaja kwa kazi yake: alikimbia vita, akapoteza mali na ndugu, akaanza upya, na sasa anafuma, anachonga au anashona. Kikapu au picha huja mwishoni, kama ushahidi kwamba mtu huyo hajakata tamaa. Ripoti za mashirika, vipeperushi vya matamasha na habari za magazetini hutofautiana katika takwimu, lakini mpangilio huu huukubali wote. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo ni namna ya kutoitazama kazi yenyewe, na kwamba zinazopunjwa zaidi ni zile kazi ambazo hazikutengenezwa ili kumliwaza mtu: kazi za mzaha na za kuchezea, zinazoipindua dunia juu chini kwa waya, kizibo cha chupa na kipande cha kitenge.

Mahali na majina yake

Dzaleka ilikuwa gereza katika enzi ya Rais Hastings Kamuzu Banda, na wafungwa wa kisiasa walikuwa miongoni mwa waliofungiwa humo. Mwaka 1994 ikafanywa makazi ya wakimbizi. Jina lenyewe, kwa Kichewa, hubeba maana ya kuacha au kukoma, na masimulizi mengi hulihusisha na ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia kosa. Mahali palipokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 sasa pana zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa sababu ya asili hiyo, Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu za mawasiliano huko, ingawa ramani nyingi za lugha zingali zikimalizia Kiswahili mpakani Songwe. Ramani hizo zina usahaulifu wa aina mbili. Zinaisahau Dzaleka, na kabla yake zinaisahau Nkhotakota, ambako utawala wa Jumbe katika karne ya 19 uliunganisha ukanda wa ziwa na Zanzibar kwa biashara (ya watumwa na pembe za ndovu, haifai kuficha) na kwa lugha.

Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes La Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya makazi hayo. Kwa siku chache wenyeji wa Lilongwe na wageni wa mbali huenda Dzaleka kusikiliza muziki, kutazama ngoma na kununua kazi za mikono, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Jambo hilo si dogo. Mkimbizi anayempokea mgeni, akampikia na kumtandikia kitanda, hutoka katika nafasi ya mpokeaji wa msaada na kuwa mwenye nyumba. Ukosoaji wowote wa tamasha hili usioanzia hapo ni wa kidhalimu. Hata hivyo, jina zuri lina hatari yake. Tumaini lililochaguliwa kuwa jina la tamasha limegeuka, katika maandishi ya watu wengine, kuwa jina la utanzu. Kila kitu kinachotoka Dzaleka sasa kinatarajiwa kuwa cha tumaini, na kisicho cha tumaini hakina mahali pa kuwekwa.

Ubunifu na utundu

Msamiati wa Kiswahili unaotumiwa na watunga sera kueleza sanaa umebanwa katika maneno matatu: ubunifu, ujasiriamali na stadi za kujikimu. La kwanza lina heshima, la pili lina fedha, la tatu lina huruma. Hakuna hata moja linalotosha kueleza galimoto.

Galimoto ni kitu cha kuchezea kinachojulikana Malawi nzima: gari lililosukwa kwa waya na watoto wenyewe, lenye magurudumu ya vifuniko, makopo au vipande vya kandambili, na mara nyingi lenye kijiti kirefu kinachoishia kwenye usukani, ili dereva aliendeshe akiwa amesimama. Kwa Kichewa neno hilo humaanisha gari lolote. Sikio la Mswahili husikia ndani yake “gari” na “moto” bila kuambiwa. Kitu hiki kimepanda ngazi kutoka uani hadi kwenye soko la vinyago lililo karibu na posta ya mji wa zamani wa Lilongwe, ambako mafundi watu wazima huuza baiskeli, pikipiki na magari ya waya kwa watalii, pamoja na mbao za bawo na viti vya machifu vya mbao mbili zinazopachikana.

Ubora wa galimoto iliyo nzuri hauko katika kufanana na gari. Uko katika kile ambacho mtengenezaji ameamua kukizidisha na kile alichoamua kukiacha. Waya ni mstari. Anayesuka gari kwa waya anachora hewani, na mtazamaji ndiye anayejaza mabati. Taa zikifanywa kubwa mno, gari hupata macho. Chesisi ikipinda kidogo, gari linachechemea na kupata tabia. Huo ni uamuzi wa kisanaa, tena wa kuchekesha, na Kiswahili kina jina lake: utundu. Kwa matumizi ya kila siku mtundu ni mtoto asiyetulia, mwenye kugusa kila kitu na kukifungua aone ndani kuna nini. Mzazi hulitamka neno hilo kwa hasira asubuhi na kwa fahari jioni. Uwili huo ndio unaolifanya lifae kuliko ubunifu, neno lililosafishwa mno hata likawa halina kosa wala kicheko. Mtu hupewa ruzuku kwa ubunifu. Kwa utundu hupigwa kofi, kisha akaonyeshwa kwa majirani.

Kwa nini utundu hausomwi Dzaleka? Jibu la haraka ni kwamba msomaji wa ripoti anaona aibu kucheka mbele ya mkimbizi. Aibu hiyo inaonekana kuwa adabu, lakini humnyima msanii haki ya kufanya mzaha, na mzaha ni dalili ya mtu anayejiamini machoni pa anayetazama. Mwanasesere wa kitenge mwenye shingo ndefu kupita kiasi akitoka Lilongwe mjini husifiwa kwa ucheshi wake; akitoka kambini huelezwa kuwa sehemu ya mradi wa uponyaji wa kisaikolojia. Huenda ni kweli kwamba kushona kunatuliza moyo. (Hakuna amwulizaye mchoraji wa Paris kama uchoraji umemsaidia kupata usingizi.) Swali la uponyaji lina mahali pake, ambapo ni zahanati, likiletwa mbele ya kazi ya sanaa kabla ya maswali mengine, hufunga mjadala.

Walioziita kazi zao wenyewe

Tatizo hili lisingekuwepo iwapo maelezo yangeanzia kwenye majina ambayo watengenezaji huyapa matendo yao. Mifano miwili ya Kiswahili inaonyesha jinsi hilo linavyowezekana, na yote miwili inaihusu Dzaleka kwa karibu.

Wa kwanza ni wa Katanga. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi na miji jirani waliuza picha zao kwa watu wa kawaida, wafanyakazi wa migodi na makarani, waliozitundika sebuleni. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 na kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ndiye anayejulikana zaidi, lakini alikuwa mmoja kati ya wengi. Muhimu kwa mjadala huu ni kwamba wachoraji na wanunuzi walikuwa na nadharia yao, na nadharia hiyo ilikuwa kwa Kiswahili. Waliainisha picha kuwa za mambo ya mababu, za mambo ya zamani na za mambo ya sasa, na thamani ya picha waliipima kwa neno ukumbusho: je, inamkumbusha mtu jambo, inamfanya afikiri? Humo humo alikuwamo mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, kiumbe cha ajabu kama nini, akikaa ukuta mmoja na picha ya mateso ya enzi ya Mbelgiji. Hakuna aliyeona kwamba kiumbe huyo anapunguza uzito wa historia.

Mfano wa pili ni wa Wamakonde. Sanaa ya uchongaji ambayo Tanzania huionyesha duniani kama yake ilikuzwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, waliovuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye wengine kwa sababu ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Samaki Likankoa, ambaye huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wao, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam Mohamed Peera alizipokea kazi hizo za ajabu, zenye viungo vilivyopotoka na macho yasiyokaa mahali pake, badala ya kumtaka achonge wawindaji na ndovu. Majina ya mitindo, yaani shetani, ujamaa na mawingu, yote ni ya Kiswahili, na yamebaki hivyo katika makumbusho ya Ulaya. Mpingo ulipatikana, soko lilikuwa mjini, na mchongaji aliruhusiwa kuishi karibu na soko hilo. Bila masharti hayo matatu kusingekuwa na Mwenge wala urithi wa kujivunia.

Dzaleka na kilomita arobaini

Hapa uhakiki hauna budi kugusa sheria, kwa kuwa umbali kati ya Dzaleka na posta ya Lilongwe si wa kijiografia tu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka mipaka juu ya vifungu kadhaa, pamoja na vinavyohusu ajira ya mshahara na uhuru wa kuchagua mahali pa kuishi. Makazi ndiyo makao ya lazima. Kwa miaka mingi utekelezaji ulilegezwa, na wakimbizi wengi walifanya biashara Lilongwe na miji mingine. Machi 2023 serikali ikaagiza warudi Dzaleka, na kufikia Mei mwaka huo agizo lilikuwa likitekelezwa kwa polisi. Maduka yakafungwa, na watoto wakatolewa shuleni.

Kwa msanii wa kujitegemea, athari ya agizo la namna hiyo ni mahususi. Kazi inaweza kusafiri hadi mjini, aliyeitengeneza hawezi. Atakayeiuza ni mtu mwingine, na mtu huyo, mbele ya mtalii aliyeinama juu ya mkeka wa bidhaa, ataieleza kwa maneno yanayouza. Jina la mtengenezaji huwa la kwanza kupotea, jina la kazi hufuata, na kinachobaki ni “kitu cha Malawi” au “kitu cha wakimbizi”. Maneno yote mawili ni ya kweli, na hakuna linalosaidia. Mnunuzi wa mjini akisema kwamba amegundua msanii wa Dzaleka, aghalabu amegundua kitu kisicho na mwenyewe. Biashara ya kuwaunganisha wakimbizi na masoko ya mbali, kama mpango wa MADE51 ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliuzindua mwaka 2018, imeonyesha kwamba bidhaa zinaweza kufika mbali zikiwa na maelezo ya asili yake. Lakini mipango ya aina hiyo hupenda kikundi kuliko mtu mmoja, na hupenda bidhaa inayoweza kurudiwa kwa kipimo kilekile. Mtundu hana kipimo kilekile. Galimoto ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza tayari ni bidhaa ya aina nyingine.

Mkataba huo wa 1951 una kifungu cha 14, kisichotajwa sana katika mijadala ya misaada, kinachompa mkimbizi ulinzi wa kazi zake za sanaa na za kiuvumbuzi kama apewavyo raia wa nchi anamoishi. Washauri wa sera wanaotafuta mahali pa kuanzia wangekianza hicho kabla ya semina nyingine ya ujasiriamali, kwa kuwa kinamtambua mtu kama mwenye kazi. Kazi haiwezi kulindwa, hata hivyo, kama haijaandikwa ni ya nani na inaitwaje. Kuandika huko ni kazi ya wanaisimu na wahakiki kuliko ya mawakili: kukaa na mtengenezaji, kumwuliza kitu hiki anakiitaje kwa Kiswahili cha kwao, iwe cha Uvira, cha Bujumbura au cha Lubumbashi, sehemu hii iliyopinda ina jina gani, wapi amefanya mzaha na anamcheka nani. Majibu yatatofautiana na Kiswahili sanifu. Yasisanifishwe.

Fursa ipo. Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya nne ya SADC mwaka 2019, na Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa mgeni wa heshima katika sherehe za uhuru wa Malawi, Rais Lazarus Chakwera alitangaza nia ya kufundisha Kiswahili katika shule za nchi yake. Tangazo hilo lilitolewa miezi michache tu baada ya wasemaji wengi wa lugha hiyo walioko Malawi kuamriwa waondoke mijini. Walimu, vitabu na mitaala vinaweza kuagizwa kutoka Dar es Salaam. Matini za kusomwa darasani kuhusu vitu ambavyo mtoto wa Lilongwe anavijua kwa mikono yake, gari la waya likiwa la kwanza, zinaweza kuandikwa Dzaleka, kwa jina la aliyelisuka na kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na maelezo ya kwa nini taa zake ni kubwa kuliko milango.