Ulizo Zuri Hujulikana kwa Lisichokitupa

Anayetaka kupima ufundi wa mtafutaji wa habari mtandaoni asihesabu majibu aliyopata. Amwombe ulizo lenyewe, yaani maneno aliyoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha atazame ni habari gani ya haki iliyofungiwa mlango na maneno hayo. Bunagana ni mahali pazuri pa kujaribia kipimo hiki. Mji huu wa Rutshuru, Kivu Kaskazini, umegusana na mpaka wa Uganda, na ng'ambo ya kizuizi kuna Bunagana nyingine, ya wilaya ya Kisoro. Jina moja, nchi mbili. Anayeitaka ile ya Kongo peke yake huandika Bunagana NOT Uganda, yaani Bunagana bila Uganda, akadhani amemaliza kazi. Kumbe ameitupa karibu kila habari aliyoitafuta, kwa sababu mwandishi akiitaja Bunagana ya Kongo hukimbilia kueleza kwamba iko mpakani na Uganda. NOT haiulizi neno limetajwa kwa nini. Ikiliona mara moja tu, ukurasa mzima unaondoka. Alama ya kutoa inayotumiwa kwenye Google ina ukali uleule. Mkono mzuri hutambulika kwanza kwa uchoyo wa NOT: fundi angeandika Bunagana AND (Rutshuru OR "Nord-Kivu" OR "North Kivu" OR "Kivu Kaskazini"), ambapo AND hudai pande zote mbili na OR huridhika na lolote mojawapo, kisha akubali takataka chache zipite, azichambue kwa macho.

OR ndiyo inayoonyesha nani anapajua mahali na nani amepasoma kwenye ramani. Hesabu ya mantiki iliyo nyuma ya AND, OR na NOT, aliyoiandika George Boole mwaka 1854, haijui Kifaransa wala Kiswahili. Inaunganisha na kutenganisha tu kile ilichopewa. Chukua habari za watu waliokimbia baada ya waasi wa M23 kuuteka mji tarehe 13 Juni 2022. Waliovuka mpaka na kupokelewa Nyakabande, Kisoro, huitwa kwa Kifaransa réfugiés. Waliobaki ndani ya nchi, wakaishia kambi kama Kanyaruchinya nje ya Goma, ni déplacés. Kiswahili huwaita wote wakimbizi, na hapo ndipo Mswahili hujikwaa: akitafsiri neno lake kwa réfugiés pekee, Kanyaruchinya nzima inampotea. Ulizo la mjuzi lina (wakimbizi OR réfugiés OR déplacés), na mabano hayo si pambo. Andika wakimbizi OR déplacés AND Bunagana bila mabano: PubMed, hazina ya makala za tiba inayosoma ulizo kutoka kushoto kwenda kulia, itatafuta Bunagana pamoja na lolote kati ya yale mawili, lakini mfumo unaoitanguliza AND utakuletea wakimbizi wa dunia nzima. Maneno yaleyale, matokeo mbalimbali. Kwenye Google, isitoshe, OR isipoandikwa kwa herufi kubwa huchukuliwa kama neno la kawaida.

Ugumu huzidi ulizo linapovuka sehemu za kumbukumbu: kichwa, muhtasari, mwandishi, tarehe. Katika mifumo ya ukoo wa Lucene, programu ya kutafutia, title:Bunagana wakimbizi hailazimishi maneno yote mawili yawe kichwani; alama ya sehemu hushika neno lililogandamana nayo tu, na la pili huachwa litafutwe kwingine. Na hata ukiyafunga yote mawili kwenye kichwa kwa mabano, utapoteza habari yenye Bunagana kichwani na wakimbizi aya ya tatu. Tarehe nayo ina sehemu yake. M23 iliwahi kuushika mji huu mwaka 2012, jeshi la Kongo likaurudisha tarehe 30 Oktoba 2013, kwa hiyo Bunagana AND M23 huchanganya vita viwili. Kuongeza neno 2022 hakusaidii sana: gazeti la siku ile huandika "jana", na la 2024 huikumbusha 2022. Tumia sehemu ya tarehe yenyewe. Tena ulizo lililo bora hapa laweza kuwa bovu pale. PubMed hupekua vichwa na muhtasari, haipekui makala kamili, na mtafiti wa Ebola ya 2018 hadi 2020 hutaja mkoa kabla ya mji mdogo. Huko inafaa kupanda hadi Ebola AND Kivu.

Wapo wanaosema haya yamepitwa na wakati, maana siku hizi mtambo huelewa swali lililoulizwa kama mtu anavyozungumza. Ni kweli kwa anayetaka jibu moja. Anayetaka kuthibitisha kwamba hakuna kilichoachwa hana faraja hapo, kwa kuwa mtambo unaokisia nia yako hauonyeshi ulichokiacha nje, na kesho unaweza kukisia vingine. Ndiyo maana mwongozo wa PRISMA wa 2020 huwataka waandishi wa mapitio ya tafiti waweke wazi mkakati wote wa utafutaji. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mengi ya Bunagana husemwa redioni na sokoni, hayaandikwi popote. Hilo halina dawa ya AND wala OR, na fundi mkweli hulikiri kabla hajaulizwa.

Basi ukiletewa habari mia moja kuhusu Bunagana, usianze kuzisoma. Mwombe kwanza aliyezileta akuonyeshe ulizo lake, mabano na yote, na siku aliyoliandika.