Tofauti ya Saa Tatu

Programu ikichelewa kufunguka, lawama hutangulia ushahidi. Utasikia mtandao ni mbovu, kompyuta imezeeka, umeme wa jana usiku umeiharibu. Ni wachache wanaokaa chini wakapima mpaka wakajua. Hao ndio ninaowasifu, kwa kuwa kazi yao ikifanikiwa haina cha kuonyesha: kitu kinafunguka upesi, na nani humsifu mtu kwa kitu kufunguka upesi?

Kwetu Olmotonyi, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, kupima si jambo geni. Mwanafunzi wa Chuo cha Misitu huzungushia shina utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, wala hakisii kwa jicho hata kama amekulia katikati ya misindano. Nidhamu hiyohiyo ndiyo anayoihitaji fundi wa programu.

Kijana mmoja jirani yangu aliniletea laptopu yenye programu ya kukokotoa ujazo wa mbao. Imeandikwa kwa Python, na moduli zake zote zimefungwa ndani ya faili moja la zipu. "Kaka, mashine imechoka hii. Nitafute nyingine?" Nikamwambia tuiulize kwanza.

Kuweka moduli kwenye zipu ni jambo la zamani. James Ahlstrom alilipendekeza mwaka 2001, na likaingia rasmi katika Python 2.3 mwaka 2003. Lina faida yake: unabeba faili moja kwenye flashi, basi. Ikitokea ni nzito, wengi hukimbilia kusema kwamba kufumua mgandamizo ndiko kunakokula muda. Tulilifunga upya bila kugandamiza chochote, na hali ikabaki ileile. Mshukiwa huyo tukamwachia.

Ndipo tukatumia `-X importtime`, chombo kilichokuja na Python 3.7 mwaka 2018. Kinaorodhesha kila moduli pamoja na muda iliochukua kupakiwa, kwa maikrosekunde. Napenda orodha hiyo kwa sababu haina upendeleo. Hapakuwa na moduli moja iliyokwamisha wenzake. Zote zilikuwa nzito kwa kadiri ya urefu wa kodi yake. Dalili hiyo humwambia mzoefu kwamba kuna kazi inayorudiwa kila mahali. Tulipoiendesha tena kwa `-v`, Python ikajieleza yenyewe, moduli baada ya moduli: baitikodi imepitwa na wakati.

Kwa kawaida Python huitafsiri kodi kuwa baitikodi mara moja, ikaihifadhi kwenye faili la `.pyc` na kulisoma siku nyingine. Ndani ya zipu haiandiki kitu. Ikiikataa `.pyc` iliyomo, hutafsiri upya, na kesho hutafsiri tena. Kabla ya kuiamini hulinganisha nyakati mbili za faili la chanzo: ule ulioandikwa ndani ya `.pyc`, na ule ulioandikwa kwenye zipu. Wa kwanza ni sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwa UTC. Wa pili ni saa ya ukutani ya mahali zipu ilipofungiwa, bila kutaja ni wapi. Ni urithi wa DOS, ambao hata sekunde zake huruka mbilimbili, na Python huvumilia tofauti ya sekunde moja kwa ajili hiyo.

Zipu ya kijana ilifungwa kwenye seva inayokwenda kwa saa za UTC. Ilipofika Arusha, saa ileile ya ukutani ikasomwa kama saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele kwa saa tatu. Sekunde 10,800! Hakuna `.pyc` hata moja iliyokubaliwa. Aliyeifunga alikuwa ameapa kwamba kwake inafunguka bila shida, naye alisema kweli.

Kupata maelezo yanayopendeza hakutoshi, lazima yajaribiwe. Tuliiendesha mara moja kwa kuweka `TZ=UTC`, bila kugusa kingine chochote, ikafunguka papo hapo. Kijana alinyamaza, kisha akaomba airudie mwenyewe.

Dawa yake tuliipata kwenye Python 3.7 hiyohiyo: kutengeneza baitikodi isiyotegemea saa, kwa `compileall` yenye chaguo la `unchecked-hash`. Tukaongeza `-b` ili kila `.pyc` ikae kando ya chanzo chake, maana ndani ya zipu Python haichunguzi folda ya `__pycache__`. Mtu anaweza kutengeneza baitikodi safi kabisa, akaiweka humo, na isisomwe kamwe.

Orodha ya mwisho aliisoma kijana peke yake. Juu kabisa ilikuwa imebaki moduli moja ya kuchora ramani. Akaihamishia ndani ya amri ya kuchapa ramani, ambako ndiko inakotumika, akapima tena.