Unyoya wa Kuazima

Nywele ukizinyoa leo, kesho zimeanza kuchipua. Unyoya hauko hivyo. Ukishakomaa, damu hukauka ndani yake, na ukikatwa hubaki kigutu mpaka msimu wa ndege kupukutisha manyoya ufike. Kwa kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo mwenye mkia mwekundu, kusubiri huko kwaweza kufika mwaka, hata kupita.

Watu humsifu kasuku kwa ulimi wake. Kwa ajili ya ulimi huo hunaswa kwa ulimbo, akakatwa manyoya ya mbawa, akatiwa tunduni. Lakini ulimi haumfikishi kwenye mchikichi. Mwaka 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku huyu wa kijivu anayenaswa porini. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, ila karatasi haioteshi manyoya.

Ndiyo maana namvulia kofia fundi wa kupandikiza manyoya. Manyoya yaliyodondoka yenyewe kwa kasuku wengine huyaokota, akayapanga: ya bawa la kulia mbali, ya kushoto mbali, kila moja kwa nafasi yake kati ya yale 10 makubwa ya ncha ya bawa. Ndege aliyekatwa manyoya akishalala kwa dawa, fundi husawazisha kigutu, kisha huchonga kijiti cha mwanzi: nusu kiingie katika kigutu, nusu katika unyoya wa kuazima. Huweka kipande cha karatasi chini, gundi isigandishe manyoya jirani. Tone moja latosha. Kisha hutazama mpindo, maana unyoya uliokaa upogo humyumbisha ndege angani.

Wafuga kozi wa Uarabuni na Ulaya wameurithishana ufundi huu kwa karne nyingi. Waliutunza ili ndege arudi mkononi akiwa na windo. Kwa kasuku aliyeporwa msitu, mikono ileile hufanya kazi ili asirudi.

Msimu ukifika, ngozi huamka. Unyoya mchanga, uliojaa damu, husukuma kigutu, na kigutu hutoka na kijiti chake, gundi yake, na unyoya wa watu. Mafundi wengi huomba kazi yao idumu. Huyu huomba ianguke, mahali asipoweza kuiokota, chini ya mchikichi ambao kasuku ameufikia kwa mbawa zake.