Chakula cha Forodhani kikihamia mezani

Kila msimu Mji Mkongwe wa Zanzibar unapata migahawa mipya: mingine juu ya paa, mingine kwenye nyumba za kale zilizogeuzwa hoteli, mingine vichochoroni yenye meza tatu nne tu. Ukifungua menyu zake utakuta sehemu moja inayofanana karibu kila mahali. Kuna pizza ya Zanzibar, kuna urojo, kuna mishkaki ya vitu vya baharini, na mwishoni kitu kitamu cha ndizi na chokoleti. Ni vyakula vya wauzaji wa bustani ya Forodhani vilivyopandishwa ngazi na kuwekewa uma na kisu. Bei imepanda navyo, lakini ladha mara nyingi imebaki chini. Mpishi wa mgahawani si mzembe, na pengine amesomea kazi kuliko yule wa bustanini. Tatizo ni kwamba anapika chakula kilichobuniwa kwa jiko la namna nyingine kabisa, na hakuna aliyekaa akaangalia nini kinapotea njiani.

Bustani ya Forodhani iko ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Mchana ni bustani ya kupunga upepo, na vijana hujirusha majini kutoka ukutani. Jua likikaribia kuzama hutoka meza, taa na majiko. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya ukarabati wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikapata mifereji, taa, na sehemu maalumu ya wauza vyakula. Mazingira yalikuwa mazuri zaidi, ila namna ya kupika ilibaki ile ile. Mpishi ana meza moja na jiko moja. Hana chumba cha baridi nyuma yake, na mteja amesimama hatua moja mbele, anangoja. Vyakula vilivyodumu pale ni vile vinavyoikubali hali hiyo, na kinachoikubali kuliko vyote ni pizza.

Pizza ya Zanzibar imeazima jina tu kutoka Italia. Ukitaka kuujua ukoo wake, tazama mkate mayai wa Mombasa, au mutabbaq wa Yemen na Hijazi: unga uliotandazwa mwembamba, ukafungiwa nyama na mayai, ukakaangwa juu ya chuma. Kazi yake huanza mapema, kabla mteja hajafika. Unga wa ngano hukandwa, ukakatwa madonge, yakapakwa mafuta na kufunikwa. Huo muda wa kulala ndio unaoamua kila kitu. Unga uliotoka kukandwa una gluteni iliyokaza. Ukiutandaza hapo hapo unajivuta kurudi ulikotoka, na ukishindana nao unachanika. Ukiachwa ulale, gluteni hulegea, na mafuta yanazuia donge lisifanye ngozi kavu juu.

Jioni mpishi huliweka donge kwenye ubao uliopakwa mafuta, akalibonyeza kwa vidole, kisha kwa kiganja akalisukuma kutoka katikati kwenda pembeni mpaka unauona ubao kwa chini yake. Hatumii kisukumio wala hanyunyizi unga mkavu. Halafu anafanya jambo ambalo wageni wengi hawalitambui: anachukua kipande kidogo cha unga uliotandazwa, akakibandika katikati. Hicho ni kiraka kinachowekwa kabla ya tundu. Vitu vyote vya ndani vitakaa juu yake, navyo ni vya majimaji. Bila kiraka, unga mwembamba namna ile ungepasuka wakati wa kunyanyuliwa. Nikiingia mahali papya nikaona mpishi ameruka hatua hii, najua pizza yake ama itavuja, ama ameutengeneza unga mnene ili usivuje, na hapo atakuwa amepika chapati iliyojazwa.

Ndani huwekwa kima, ambacho kwa kawaida kimeshaivishwa, vitunguu na pilipili hoho zilizokatwa ndogo ndogo, jibini laini ya pembetatu, kijiko cha mayonezi, na yai bichi linalopasuliwa juu yake. Vikikorogwa pamoja vinakuwa uji mzito. Pande nne hukunjwa kuja katikati, na mpishi mzuri hutanguliza mkunjo chini ili moto uufunge kabla haujapata nafasi ya kufunguka. Hapo tawa la chuma linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Nje, unga uliogusa mafuta na chuma unapita nyuzi 140 za Selsiasi, unapata rangi ya dhahabu na kukauka. Ndani, palipo na maji, joto haliwezi kuvuka 100, na yai linaanza kushikana mapema, kwenye nyuzi 60 na kitu. Ndiyo maana pizza iliyopikwa vizuri ina ganda linalovunjika na moyo laini unaotetemeka. Ukuta unaotenganisha hali hizo mbili hauzidi unene wa karatasi chache.

Na hapo ndipo ngazi zinapoanza kuharibu kazi. Pizza ikitoka tawani, mvuke wa ndani hauna pa kwenda isipokuwa kupitia kwenye ganda. Kila dakika inayopita ganda linanyonya unyevu na kulegea. Pale Forodhani mteja huipokea kwenye sahani ikiwa imekatwa vipande, mvuke unatokea kwenye mikato, naye anaanza kula akiwa amesimama. Mgahawani jiko liko chini, meza ziko juu ya paa, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za mwinuko mkali na nyembamba. Mhudumu anapanda taratibu kwa sababu ana sahani nyingine mkono wa pili. Mahali pengine huifunika isipoe, na kifuniko hicho ndicho kinachoimaliza, kwani mvuke uliokuwa ukitoka unarudi kama maji. Inafika juu ikiwa ya moto na imelala.

Liko pia suala la chuma. Tawa la Forodhani ni zito na linakaa juu ya mkaa jioni nzima, kwa hiyo donge la baridi likitua juu yake joto halishuki sana. Kwenye majiko ya gesi ya migahawa nimeona vikaango vyepesi visivyonata. Vinapata moto haraka na kuupoteza haraka, na moto wa gesi unachora duara: pembeni pameungua, katikati pamepauka. Wenye nyumba wana haki ya kutopenda mkaa juu ya dari za boriti, na wala sidhani kwamba pizza inauhitaji, maana moshi hauingii ndani ya mkunjo. Inahitaji uzito wa chuma, na tawa zito hukaa juu ya gesi bila shida yoyote.

Kosa la tatu linatokana na nia njema. Mgahawa unaona jibini ya pembetatu ni kitu cha bei rahisi, unaweka mozarela. Lakini ile ya pembetatu imetengenezwa kwa chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, hivyo ikiyeyuka inabaki rojo moja na kuungana na yai. Mozarela mbichi ina maji mengi. Ikipata joto inayaachia, na yanakusanyika pale pale palipo na kiraka. Unakata pizza na sahani inajaa maji meupe. Kitu ghali si lazima kiwe bora kila mahali, na kwenye chakula hiki kile cha rahisi ndicho sahihi.

Kwenye mishkaki ya baharini nasimama upande wa migahawa bila kusita. Meza za Forodhani zenye pweza, ngisi, kamba, nguru na jodari zinapendeza kwenye picha, lakini vijiti vingi vimeshaivishwa kabla, vinakaa wazi chini ya taa, kisha vinarudishwa motoni ukishachagua. Nyama ya jodari haina uvumilivu huo. Ina mafuta kidogo, na ikipata moto mara ya pili inakuwa kavu na ya nyuzi nyuzi. Mgahawa wenye friji na mpishi anayeweka samaki jikoni baada ya kuagizwa atashinda kila mara. Anayetaka kula vitu vya baharini pale bustanini achague pweza. Pweza huchemshwa muda mrefu mpaka nyama yake ilainike, na akishalainika hivyo, moto mfupi wa mwisho humkausha juu tu bila kumkaza ndani. Ngisi ni wa kuangalia kwa makini: ama moto wa haraka sana, ama kuchemshwa kwa muda mrefu. Katikati ya hapo ni mpira.

Urojo ni hesabu nyingine. Mchuzi wake ni maji, unga wa ngano, manjano, chumvi na uchachu, na uchachu huo ni wa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Unga ndio unaoupa uzito wa kushika bhajia, kwa sababu wanga ukichemka unavimba na kukamata maji. Lakini uchachu ukitiwa mapema na kuchemshwa muda mrefu unaukatakata wanga, na mchuzi uliokuwa mzito unarudi kuwa maji. Kwa hiyo ndimu huja mwisho, moto ukiwa umepungua, na embe linapewa muda wa kulainika bila kuzidishwa. Uchachu huohuo unailinda rangi, kwani manjano hubaki ya njano safi penye asidi na kuelekea wekundu palipo na magadi.

Kisha kuna mpango wa bakuli, nao una utaratibu wake. Viazi vilivyochemshwa, bhajia za dengu na kachori hutangulia, na mchuzi unafuata. Juu yake ndipo huja vipande vya mishkaki, yai, chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa vichipsi vyembamba vya muhogo. Vya chini vimewekwa vinyonye, na vya juu vimewekwa vilie mdomoni. Muuzaji anakukabidhi bakuli mara tu baada ya kutupia muhogo, nawe unakula tofauti hiyo ikiwa bado hai. Mgahawani bakuli hupangwa jikoni likangoja vyakula vya wenzako mezani, na linapofika kila kitu kimeshakuwa laini sawasawa.

Dawa yake ni nyepesi mno hata inasikitisha kwamba ni wachache wanaoitumia: lete bakuli likiwa kavu, lete mchuzi kwenye birika, lete muhogo na chatne pembeni, mteja amimine mwenyewe. Ninachokataa kabisa ni urojo uliopunguzwa uchachu na kutiwa tui zito ili mgeni asishtuke. Bhajia, kachori na viazi vyote ni vya wanga. Bila uchachu mkali wa kuvikata, bakuli zima linachosha kufikia nusu.

Tukija kwenye vitamu, ile pizza ya ndizi na chokoleti ina kanuni zile zile za ganda, na shida moja zaidi: sukari huungua mapema kuliko unga. Moto wake unatakiwa kuwa wa chini kidogo, na ndizi iwe imeiva lakini bado imara, kwa sababu iliyopitiliza inatoa maji. Migahawa hupenda kuipandishia aiskrimu. Joto na baridi vinapendana, sawa, lakini aiskrimu ikiyeyuka juu ya ganda inamaliza kazi ambayo mvuke uliianza. Iwekwe pembeni.

Kama ningeulizwa na mtu anayefungua mgahawa wa darini aweke kitamu gani, ningemwambia haluwa, na nashangaa jinsi inavyokosekana kwenye menyu nyingi wakati inauzwa mtaani hapo chini. Wanga, sukari, samli, iliki, na zafarani kwa anayeimudu, vikorogwe kwa mwiko mrefu kwenye sufuria kubwa kwa saa nzima na zaidi mpaka wanga unang'aa na samli inaanza kujitenga pembeni. Ni kazi ya mabega, na Wapemba na Waomani wote wanajua kuifanya. Baada ya hapo haina haraka na mtu. Maji yake ni machache na sukari yake ni nyingi, kwa hiyo hukaa siku kadhaa bila friji. Haina ganda la kulegea, wala haidai kuliwa ya moto. Inaweza kupanda ngazi zozote na kufika ilivyoondoka.

Ikija mezani, ibonyeze kwa kijiko: haluwa nzuri inazama kidogo kisha inarudi. Inayobaki na shimo imetolewa motoni mapema, na inayokatika kama jeli imezidishiwa wanga. Agiza na kahawa tungu ya tangawizi kwenye vikombe vidogo, si kapuchino. Maziwa yanaongeza mafuta juu ya samli. Uchungu wa kahawa na ukali wa tangawizi ndivyo vinavyousafisha ulimi ili kipande cha pili kiwe na ladha ya cha kwanza.