Tani kwa hekta hazimshibishi ng'ombe wa Oktoba

Majedwali ya malisho tunayopewa darasani yana kasoro moja kubwa: kila aina ya nyasi inapewa namba moja, tani kwa hekta kwa mwaka. Kwa Newala na Masasi namba hiyo inadanganya. Huku mvua ni msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi mpaka Novemba. Mabingobingo yakiachwa mpaka Mei yanakuwa mengi kweli, ila ni mashina matupu. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa chakula, nyasi zinakawia kusagika, naye anapunguza kula. Yaani tumbo limejaa, mnyama anakonda!

"Basi kata mapema," utaambiwa. Sawa, lakini Machi bado inanyesha. Hei utaianika wapi? Sileji afadhali, haihitaji jua. Oktoba mabibo yanadondoka chini ya mikorosho, yana sukari nyingi ila protini kidogo, kwa hiyo hayazibi pengo. Majani ya lusina, yakichanganywa kwa kiasi, yangesaidia zaidi, ila jedwali la tani haliwezi kuonyesha hilo. Mimi ningeomba safu mbili tu: kilo za protini za Machi, na za Oktoba.