Vazi la Toba na Moto wa Nairuzi

Kila uingiapo mwezi wa Machi hunifikia, zamani kwa barua na sasa kwa simu, nasaha ya namna moja kutoka kwa jamaa zetu waishio nchi za baridi. Majira ya machipuko yameingia, husema. Mchana umerefuka, miti imetoa majani, basi huu ndio wakati wa mtu kujitazama, kujiwekea malengo na kuanza maisha mapya. Mpwa wangu aliyeko Uingereza huniletea hata orodha yake: ataamka alfajiri, atapunguza mwili, atasoma vitabu kumi na viwili. Mimi humjibu kwa dua, wala simdhihaki. Mtu aliyevuka Disemba ya London, ambako jua huonekana saa nane tu, akasogea kuelekea Juni ambapo hukaa zaidi ya saa kumi na sita, mwili wake umepata khabari ambayo wangu haujaipata kamwe. Hapa kwetu, digrii sita kusini mwa Ikweta, tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki hata saa moja.

Langu mimi ni swali la mfasiri. Nasaha hizi hupenda kujipamba kwa washairi, na mshairi anayeitwa kutoa ushahidi mara nyingi ni Omar Khayyam. Nauliza: je, ushahidi wake ndio huo?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuzitia rubai za Khayyam katika Kiswahili kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, kwani Kiajemi sikukisoma, na hata Kiingereza chenyewe nilikiokota bandarini, kwa mabaharia na makarani. Wala mimi si wa kwanza. Shaaban Robert alitangulia na *Omar Khayyam kwa Kiswahili* mwaka 1952. Sikusudii hapa kumsahihisha. Mwanafunzi hamkosoi mwalimu kabla hajamaliza hesabu zake mwenyewe. Nataka kusema juu ya rubai moja tu, ya saba katika chapa ya kwanza ya FitzGerald ya 1859, ambayo imenikalia kooni kama mwiba wa changu.

Maana yake ni nyepesi kuieleza. Msemaji ataka kikombe kijazwe, na vazi la toba lililovaliwa wakati wa baridi litupwe katika moto wa machipuko. Kwa kuwa umri ni ndege, na ndege huyo amekwisha kunyanyua mbawa. Basi tazama, ndugu msomaji, jinsi wasomaji wa orodha walivyoishika rubai hii kichwa chini miguu juu. Wao wasema machipuko ni wakati wa kuweka azma. Yeye asema machipuko ni wakati wa kuichoma azma iliyowekwa. Toba ile ni vazi: mtu alijifunika nayo kwa sababu palikuwa na baridi, na jua litokapo humwelemea.

Najua kwamba kwa wengi wetu visiwani neno hili huchoma zaidi ya moto wenyewe. Toba si kitu cha kutupwa, na mzee mmoja aliyenisikia nikiisoma rubai hii barazani aliinuka akaenda zake bila ya kuaga. Lakini nikiisoma tena na tena sioni kama inaitukana toba ya kweli. Inaikebehi toba ya msimu, ile ambayo mtu huivaa anapotetemeka na huisahau anapopata joto. Nami ninalo daftari la toba za namna hiyo. Kila Januari niliandika ndani yake kwamba mwaka huu nitazimaliza rubai zote sabini na tano za chapa ile ya kwanza. Daftari limechakaa, rubai hazijaisha.

Kuna jambo moja ambalo wapambaji wa nasaha hawalitaji, nalo ndilo lililonifanya nimpende mtu huyu wa Nishapur. Khayyam hakuyapokea machipuko kama sisi tunavyopokea mvua, yaani kwa kuangalia juu na kungoja. Alikuwa mwanahesabu na mnajimu, na alikuwa mmoja wa wataalamu waliofanya kazi kwa amri ya Sultani Malik Shah kuitengeneza kalenda iliyoanza kutumika mwaka 1079, ambayo iliifunga siku ya Nauruzi, mwaka mpya wa Waajemi, katika siku ile ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Mtu aliyeipima siku kwa vyombo ndiye anayesemwa kuwa alituhimiza tusiihesabu. Nasema anayesemwa, kwani rubai nyingi zilizobebeshwa jina lake hazina hakika ya kuwa zake. Katika Kiajemi kila rubai husimama peke yake. FitzGerald, bwana wa mashamba ya Suffolk, ndiye aliyezishona pamoja ili ziende kama siku moja kutoka alfajiri mpaka usiku. Kwa hiyo machipuko yaliyomo humo ni nusu ya Nishapur na nusu ya Suffolk. Sisi tunaulizwa tutie nusu ya tatu.

Hapo ndipo lilipozuka neno. Kwa Kiswahili majira hayo tuyaite nani? "Machipuko" ni neno la vitabu, safi, halina kosa, na halina harufu. Kwa Kiarabu ni *rabii*, na lau lingekuwa limekaa nasi kwa maana hiyo lingefaa. Lakini mwezi uliobeba jina hilo huzunguka majira yote pamoja na mwezi wa angani, na wazee wetu hawakutaka hata kuulitumia jina lake: waliuita Mfunguo Sita, wakihesabu tangu kufungua kwa Ramadhani. Hawakuwa na haja ya jina la majira ambayo hayapo.

Rafiki yangu mmoja, mshairi hodari kunishinda, alisema tuandike "masika". Hoja yake ilikuwa na nguvu. Machi ndiyo inayotufungulia masika. Kaskazi imechoka, bahari imelala katika malelezi, kusi bado haijapata sauti, na ardhi inaanza kunuka. Kama pana wakati ambapo shamba letu huchipua, ndio huo. Tena, alisema, masika ina kina cha *ka*, na kwa kina hicho mtu hakosi neno mpaka kufa. Mimi nilikataa, kwa kiburi nadhani, na kwa maneno ambayo hayakuhitajika. Tukaacha kusemezana. Alikuwa ndiye msomaji wangu wa kwanza.

Leo naweza kulisema kosa la "masika" bila ya hasira. Liko ndani ya rubai yenyewe. Tupa vazi katika moto wa masika: moto upi? Masika yetu huzima jiko la nje, hulowesha kuni hata zilizo darini, na nguo iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa Alkhamisi ikiwa bado na unyevu. Aliyeandika "moto wa masika" ameuzima kabla vazi halijafika. Majira yetu yanayolingana na machipuko kwa majani hayalingani nayo kwa moto, na rubai hii imejengwa juu ya moto, wala haitaji jani hata moja.

Nilipolitambua hilo nilikuwa Makunduchi, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Msomaji wa Unguja haelezwi sherehe hiyo, lakini kwa ajili ya wengine niseme kidogo. Kibanda cha makuti hujengwa na kuchomwa moto. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, na katika kupigana huko huyatoa ya mwaka mzima yaliyowakaa moyoni; wanawake hupita kwa nyimbo wakiwa wamejipamba; na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huona haya. Wazee huiita siku hiyo Nairuzi, na jina hilo ni Nauruzi ile ile ya Waajemi, iliyofika pwani na hesabu ya mabaharia. Ila hesabu yetu ilikuwa ya siku 365 kamili, bila ya ile robo iliyomkosesha Khayyam usingizi, kwa hiyo siku ikawa inateleza siku moja kila miaka minne. Machipuko yao yakatuangukia sisi katika kipupwe, wakati makuti yamekauka na yanashika moto kwa kiberiti kimoja.

Nilisimama penye moshi nikawa nahesabu mizani vidoleni. Na-i-ru-zi, nne, sawa na ma-chi-pu-ko. Na kina chake ni *zi*. Vazi. Nairuzi. Yale maneno mawili niliyokuwa nikiyalazimisha yakae pamoja kwa miaka yote hiyo yalikuwa yameoana zamani, na mimi sikualikwa arusini.

Sidai kuwa neno hili halina dosari. Msomaji wa Tabora au Bukavu hataijua Nairuzi, na itabidi aelezwe, na shairi linalohitaji maelezo limekwisha kupoteza kitu. Bustani na waridi za Khayyam pia hupotea, kwani Julai ya Makunduchi haina waridi. Na tatizo la umbo halijaondoka: rubai huuacha mshororo wa tatu huru bila ya kina, na sikio letu lililolelewa na shairi la mizani kumi na sita husikia hapo kama mlango ulioachwa wazi usiku.

Lakini Nairuzi imeleta kitu ambacho hata FitzGerald hakuwa nacho. Moto wake ni wa mtu mmoja na kikombe chake. Orodha ya mpwa wangu nayo ni ya mtu mmoja, na vitabu kumi na viwili, na mizani ya bafuni. Moto wa Makunduchi hauwashwi na mtu aliye peke yake, na kigogo cha mgomba hakina kazi mpaka awepo wa kukupiga na wa kumpiga. Mwaka mpya pale huanza na yule uliyegombana naye.

Mwezi uliopita nilinakili rubai saba nikampelekea rafiki yangu kwa mkono wa kijana. Katika ya saba, pale penye neno, nimeacha nafasi ya mizani nne.