Kuvumilia na Kuvumiliana: Sauti ya Kijana katika Kigogo na Chozi la Heri

Utangulizi

Kati ya mwaka 2018 na 2022, watahiniwa wa Kidato cha Nne nchini Kenya walitakiwa kusoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea na riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Uhakiki uliozizunguka kazi hizi, hususan ule wa miongozo ya mitihani, umezitenga: ya kwanza huwekwa chini ya dhamira ya haki, ya pili chini ya dhamira ya utangamano. Makala haya yanadai kwamba utengano huo ni kosa. Tutazisoma kazi hizi pamoja, tena tukisimama mahali maalumu: Majengo ya Pumwani, mtaa ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika wa Nairobi, ambamo Mwislamu na Mkristo, na watu wa makabila mengi, wamepakana kuta kwa muda wa karne moja.

Suala la Kitenzi

Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuvumilia ni kustahimili dhiki. Methali husema mvumilivu hula mbivu, na wenye mamlaka hawachoki kuirudia. Kuvumiliana ni jambo jingine. Kauli ya kutendana hudai pande mbili: mimi nikuvumilie, nawe univumilie. Kiambishi hicho kikiondolewa, mzigo wote humwangukia mnyonge. Swali letu basi ni hili: vijana wa kazi hizi wanapewa kitenzi kipi?

Haki Bila Mgeni

Katika Kigogo, jibu halina utata. Tunu anakataa kuvumilia. Soko la Chapakazi limefungwa, na mtawala Majoka ananuia kujenga hoteli mahali pake. Tunu haozeki kwa mwana wa mtawala, na hata anapojeruhiwa mguu hanyamazi. Sudi naye anakataa kuchonga kinyago cha kumtukuza shujaa asiye shujaa. Msomaji wa Majengo haihitaji sherehe ya matukio haya. Soko la Gikomba ni jirani yake, na moto wa Juni 2018 ulioua watu wapatao 15 huko ulitokea mwaka uleule ambao tamthilia hii ilianza kutahiniwa.

Hata hivyo, nguvu ya Tunu ina gharama ya kisanaa. Sagamoyo ni jamii ya watawala na watawaliwa tu. Vikaratasi vya kuwatisha watu wahame vinatajwa kwa kupita, lakini suala la nani mwenyeji na nani mgeni haliwi kiini cha mgogoro. Umoja wa wananchi unapatikana kwa urahisi kwa kuwa mwandishi hakuwapa tofauti ya kuushinda.

Tofauti Bila Sauti

Chozi la Heri inaanza pale ambapo Kigogo inanyamaza. Ridhaa, daktari, anapoteza aila yake katika moto uliowashwa na jirani baada ya uchaguzi, kwa sababu anahesabiwa mgeni katika ardhi aliyoijenga. Hapa tofauti ina uzito wake wote. Kinachopungua ni sauti. Umulkheri na nduguze wanatupwa na misukosuko huku na kule. Wanaokolewa, wanalelewa, wanakutanishwa tena. Faraja hiyo ni ya kweli, lakini aghalabu inaletwa na watu wazima wema. Kijana anapokea utangamano; ni nadra aushurutishe.

Kwa ufupi, tamthilia ina madai yasiyo na mgeni, na riwaya ina mgeni asiye na madai.

Pengo hili si la kitabuni tu. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu katika mtaa jirani wa Eastleigh, operesheni ya Usalama Watch ilikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kumwambia kijana Mwislamu wa mitaa hii awe mvumilivu, ilhali jina na vazi lake vinamfanya mshukiwa, ni kumnyang'anya ile -ana. Wakati huohuo, anayedai haki yake huku akimwona jirani wa dini nyingine kuwa adui, naye ameikata kauli hiyo upande wa pili.

Hitimisho

Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila. Makumi waliuawa, na hatuwezi kulidharau tamko lililolipiwa kwa damu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: je, kutokuwa na kabila ndiko kuvumiliana? Huo ni umoja wa Sagamoyo, ambao hufuta tofauti ili usonge mbele. Kuvumiliana kunaanza pale ambapo tofauti imebaki: adhana inasikika, kengele inasikika, na wote wawili wanadai soko lilelile. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Hakimtaki kwanza aache kuwa alivyo.

Fasihi yetu ya Kiswahili ingali inamsubiri mhusika kijana atakayesema kwa ujasiri wa Tunu akiwa amesimama mahali pa Ridhaa. Hadi atakapoandikwa, tunawahimiza walimu wazifundishe kazi hizi mbili bega kwa bega, ili kila moja iulize swali ambalo nyingine imelikwepa.